Jina la ofisi yako litasemwa kabla halijasomwa

Mimi ni mhasibu, na wateja wangu wengi ni watu wanaofungua ofisi ndogo za kitaalamu: mawakili, wasanifu majengo, wapima ardhi, washauri wa kodi. Suala la jina huwachukulia muda kuliko hata hesabu za mtaji, na sioni ubaya. Ila huwaomba waanze na jambo moja: mteja wa huduma kama hizi ni nadra kuingia kwa sababu ameona bango. Huletwa na mtu. Shemeji kamtajia, au jirani, tena mara nyingi kwenye simu. Jina lisilopita vizuri mdomoni linakukosesha kazi na wewe hutajua.

Kwa hiyo lijaribu kwa simu. Mpigie mtu asiyejua mipango yako, mtajie jina mara moja tu kwa kasi ya kawaida, kisha mwombe aliandike na akutumie ujumbe. Usimtajie herufi. Akiandika k mahali pa c, au akiacha herufi moja kati ya mbili zilizofuatana, jua kwamba wateja nao watakosea papo hapo, na barua pepe zao hazitakufikia. Baada ya siku chache muulize tena, bila kumkumbusha. Akijibu, "Lile la suluhisho sijui nini," liache, hata kama umelipenda kiasi gani.

Maneno kama Suluhisho, Bora, Mahiri na Kimataifa hayana kosa la kisarufi, lakini kila mtu anayo. Sikio haliyashiki.

Je, utumie jina lako mwenyewe? Kwa anayeanza peke yake, mimi hulitetea sana. Katika taaluma mtu ananunua uaminifu wa mtu fulani, na jina la ukoo linasema wazi nani atawajibika. Tena hudumu: William Welch Deloitte alifungua ofisi yake ya uhasibu London mwaka 1845, na kampuni kubwa ya uhasibu ya Deloitte bado inalitumia jina lake. Shida hujitokeza ukishaajiri, kwa sababu wateja watamtaka mwenye jina, hata kwa kazi ambayo msaidizi wako anaiweza. James McKinsey, mwanzilishi wa kampuni ya ushauri ya McKinsey, alifariki mwaka 1937, na Marvin Bower, aliyekuja kuiongoza kampuni hiyo, hakuibadili ikaitwa kwa jina lake. Hakutaka kila mteja adai kuhudumiwa na yeye binafsi. Ukiwa unategemea kuja kuiuza ofisi au kumwingiza mbia, fikiria hilo sasa. Na mkiwa wabia, andikeni kwenye mkataba jina litabaki kwa nani mmoja akiondoka. Ugomvi wa jina unauma kuliko wa meza na kompyuta.

Vifupisho vya herufi mbili tatu siwashauri kabisa wanaoanza. Watu huniambia, "Mbona kampuni kubwa za uhasibu kama EY na PwC zinajiita hivyo?" Ernst & Young ilianza kujiita EY mwaka 2013, na PricewaterhouseCoopers ikajifupisha mwaka 2010, yote yakiwa majina yaliyokwisha kuzoeleka duniani. Herufi tupu za ofisi mpya hazimkumbushi mtu chochote.

Neno la kubuni linawezekana, lakini lina gharama. Kampuni ya ushauri ya Andersen Consulting ililazimika kuacha jina lake baada ya kutengana na kampuni ya uhasibu ya Arthur Andersen, na tarehe 1 Januari 2001 ikawa Accenture. Neno hilo alilipendekeza mfanyakazi wao, na ilibidi watumie fedha nyingi za matangazo ili lizoeleke. Wewe huna fedha hizo. Ukibuni neno, liandamanishe na kazi yenyewe: uhasibu, sheria, upimaji. Taja taaluma kwa upana wake, usijifunge kwenye huduma moja unayoweza kuiacha baada ya miaka mitatu.

Halafu uhakiki, na hapa sikubali mtu aniruke. Msajili wa makampuni akikubali jina, hajakupa haki ya alama ya biashara, yaani haki ya kuwazuia wengine wasilitumie kwa huduma kama yako. Hayo ni masuala mawili tofauti. Alama hupangwa kwa madaraja 45 ya mfumo wa kimataifa uitwao Nice, na huduma ziko kuanzia la 35 hadi la 45. Uhasibu uko 35, usanifu majengo na uhandisi 42, sheria 45. Tafuta katika daraja lako, na pia kwenye hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki, ambayo ni bure. Kisha soma kanuni za bodi ya taaluma yako, maana mahali pengi huruhusiwi kujiita wakili, mhandisi au msanifu majengo kama hujasajiliwa, na bodi nyingine zina masharti juu ya jina la ofisi yenyewe.

Mwisho, liandike jina kwa herufi ndogo bila nafasi, jinsi litakavyokaa kwenye anwani ya tovuti. Maneno mawili yakiungana huweza kuzaa la tatu ambalo hukulitaka. Likisomeka vizuri na anwani ikiwa haijachukuliwa, ilipie siku hiyo hiyo, kabla hujaagiza muhuri.