Tangi la presha la kisima: ununue la lita ngapi?

Ukiulizia tangi la presha katika maduka mengi ya Nairobi utaonyeshwa la lita 24, lile dogo linalofungwa juu ya pampu. Kwa pampu ndogo ya kuongeza nguvu ya maji linafaa. Kwa pampu ya kisima, mara nyingi ni dogo mno.

Kama pampu yako inajaza tangi la juu na maji yanashuka yenyewe, okoa pesa zako: swichi ya boya inatosha. Tangi la presha ni la pampu inayosukuma maji moja kwa moja hadi kwenye mifereji. Nalo haliongezi presha, hata muuzaji akisema nini. Linaweka akiba ili pampu isiwake kila mtu anaponawa mikono. Mota huvuta umeme mwingi na kupata joto kila inapowaka, kwa hiyo ikishawaka iende angalau dakika 1, au dakika 2 ikizidi hospawa 1.

Anza kwa kupima pampu, usitegemee kibandiko chake. Ukiwa na tangi la zamani, funga mifereji yote hadi pampu izime. Fungua mmoja, kinga maji kwenye ndoo mpaka pampu iwake, kisha funga papo hapo na uhesabu sekunde hadi izime tena. Ukikinga lita 8 na pampu ikaenda sekunde 16, inatoa lita 30 kwa dakika. Sekunde 16 ni chache mno. Tangi hilo linaiua pampu polepole.

Pampu hiyo ikiwa ya hospawa 1, unahitaji akiba ya lita 30. Si tangi la lita 30, maana sehemu kubwa ya tangi ni hewa, iliyotengwa na maji kwa mpira. Swichi ya presha, ile inayowasha na kuzima pampu, ikiwa ya psi (kipimo cha presha) 20 kuwasha na 40 kuzima, tangi hutoa takriban asilimia 36 ya ujazo wake. Ya 30 na 50, asilimia 31. Ya 40 na 60, asilimia 27. (Hesabu hizi ni za mwinuko wa Nairobi, Mombasa zinapungua kidogo.) Kwa swichi ya 20 na 40, gawa 30 kwa 0.36 upate 83, kisha nunua la lita 100. Pampu ya hospawa 1.5 inayotoa lita 40 kwa dakika inataka akiba ya lita 80. Kwa swichi ya 30 na 50 hiyo ni lita 258, yaani tangi la 300.

Hewa ndiyo inayosahaulika. Zima umeme, mwaga maji yote, kisha pima presha ya hewa kwenye valvu ya tangi kwa geji ya tairi: iwe psi 2 chini ya kiwango cha kuwasha. Ukipima tangi likiwa na maji, geji itakusomea presha ya maji. Rudia kila miezi sita. Valvu ikitema maji, mpira wa ndani umepasuka.

Kisima chenye maji machache kina tahadhari yake: tangi kubwa hufanya pampu iende muda mrefu kwa mkupuo mmoja, na inaweza kumaliza maji kisimani. Hapo funga kwanza kifaa cha kuzima pampu inapokauka.