Kutunza mashine ya kusaga matawi na gari la kuivuta: hatua kwa hatua

Kabla hujashika spana yoyote, okota konzi moja ya chenga zilizotoka kwenye bomba la mashine uziangalie. Zikiwa na kingo safi na ukubwa unaokaribiana, visu vyako ni vizima. Ukiona nyuzi ndefu zilizochanika, visu ni butu au nafasi kati ya kisu na fuawe (kile kisu cha chini kisichozunguka) imepanuka. Unga mwingi ndani ya chenga ni dalili kwamba visu vinasugua, havikati. Malalamiko mengi yanayofikishwa gereji, kwamba injini haina nguvu, mashine inakunywa dizeli au mkanda unaungua, chanzo chake ni hapo. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye visu.

Maelezo yanahusu mashine ya dizeli ya kuvutwa, yenye ngoma au sahani ya visu na rola za haidroliki za kuvuta matawi ndani. Kipimo cha kitabu cha mashine yako kikitofautiana na cha hapa, fuata cha kitabu.

Hatua ya 1: Asubuhi kabla ya kazi

Egesha mashine mahali palipo sawa, ingali baridi, kisha pima oili ya injini, maji ya rejeta na oili ya haidroliki. Fungua koki iliyo chini ya chujio la dizeli, mwaga mpaka yatoke mafuta matupu yasiyo na maji. Kama unatumia dizeli ya madumu, usiruke hatua hii hata siku moja. Jaza tanki jioni, kwa sababu tanki lililolala nusu tupu hutoa jasho ndani na maji hayo huishia kwenye pampu.

Rejeta puliza kwa hewa kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unaushindilia uchafu kwenye mapezi, na mchana injini itachemka bila wewe kujua kwa nini. Ondoa majani makavu yaliyojikusanya karibu na egzosi na tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), kwa maana moto wa mashine hizi hupenda kuanzia huko.

Washa, acha injini ipate joto kama dakika 5 kwenye resi ndogo. Kisha jaribu fremu ya kusimamisha rola: ukiisukuma, rola zisimame papo hapo, ukiiweka kwenye kurudisha, zirudi nyuma. Ikishindwa hata mara moja, kazi haianzi. Kuna watu huifunga fremu hiyo kwa waya ili isiwasumbue matawi yanapoigonga. Mashine iliyofungwa hivyo usikubali kuilisha, hata mwenye kazi akinuna.

Klachi huingizwa kwenye resi ndogo tu. Igusishe na kuiachia mara kadhaa mpaka ngoma ianze kuzunguka, halafu ifunge. Mkono wake unatakiwa uwe mgumu na uingie kwa kishindo. Ukiingia kirahisi, klachi imelegea na inahitaji kurekebishwa siku hiyo hiyo. Ikiteleza itaungua, na bei ya sahani zake si ya mchezo.

Hatua ya 2: Kutoa visu

Zima injini. Ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayegusa visu, si kwa dereva. Chomoa waya hasi wa betri. Subiri, kwani ngoma au sahani nzito huendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya injini kunyamaza. Usifungue kifuniko mpaka uone kwa macho kwamba puli na mkanda vimesimama. Ingiza pini ya kufungia ngoma, na hata baada ya hapo jaribu kuisukuma uone kama imeshika kweli.

Vaa glavu ngumu. Legeza bolti za kisu kimoja kwa wakati mmoja, kitoe, kisha geukia kiti chake. Utaona tabaka jeusi la utomvu na unga wa mti, pengine jembamba kama karatasi. Tabaka hilo ndilo huvunja bolti: ukikaza kisu juu yake, bolti inaonekana imekaza, lakini baada ya saa chache utomvu unaminywa na kutoka, kisu kinabaki na mwanya na kuanza kucheza. Likwangue, sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, futa mpaka chuma kionekane kikavu.

Hatua ya 3: Kunoa

Visu vya ngoma moja hunolewa vyote pamoja na kupunguzwa sawasawa. Vikirudi kutoka kunolewa, vipime kwenye mizani. Vinavyokabiliana viwe na uzito mmoja, la sivyo ngoma itatetemeka na beringi zitalipa.

Greinda ya mkono iache. Inapasha ukingo moto, na ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu, ugumu wake umekwisha na kisu hakitamaliza hata siku. Pia huwezi kushika nyuzi zile zile za pembe kutoka mwanzo hadi mwisho wa kisu. Tafuta karakana inayonoa visu vya kukatia karatasi vya matbaa. Mashine yao ni ndefu, inanoa bapa na inamwaga maji muda wote. Wape kisu kimoja kipya au kipimo cha pembe kutoka kwenye kitabu, wasikisie. Kisu kilichofika upana wa chini kabisa unaoruhusiwa hakinolewi tena.

Hatua ya 4: Kurudisha visu na kupima nafasi

Tumia bolti za daraja lile lile kama za mwanzo. Bolti za dukani zinazofanana kwa sura tu hukatika, na kisu kikiruka ndani ya ngoma hupasua kifuniko. Kaza kwa spana ya torki (inayoonyesha nguvu ya kukaza), ukianzia bolti za katikati kwenda pembeni, kwa kipimo cha kitabu. Usipake oili kwenye nyuzi za bolti ila kitabu kiwe kimesema, kwa sababu oili huongeza mkazo bila spana kukuonyesha.

Sasa fuawe. Nyingi zina kingo zaidi ya moja. Ukingo ukiviringika, igeuze. Fundi akinoa visu vizuri halafu chenga zikaendelea kuchanika, fuawe ndiyo ya kutazama. Mashine nyingi hutaka nafasi ya kati ya milimita 1 na 3. Ipime kwa geji kwa kila kisu, katikati na ncha zote mbili. Visu vikishanolewa vinakuwa vyembamba kwa upana, hivyo nafasi hupanuka na fuawe lazima isogezwe. Baada ya kukaza kila kitu, toa pini, zungusha ngoma kwa mkono mzunguko mzima kwa kutumia kipande cha mti, usikilize. Chuma kikigusa chuma, hata kidogo, rudia. Halafu fanya kazi kama nusu saa, zima, funga ngoma tena, kagua torki upya.

Hatua ya 5: Mikanda, grisi, oili

Mkanda ubonyeze katikati ya puli mbili: kwa umbali wa mita 1 kati ya puli, ubonyee kama milimita 16. Mkanda uliong'aa pembeni umeteleza na umeungua. Kuukaza zaidi hakuuponyi. Ikiwa ni mikanda kadhaa, badilisha yote kwa pamoja, kwa sababu mpya ukiwekwa na ya zamani hubeba mzigo peke yake. Mikanda mipya hulegea, kwa hiyo ikaze tena baada ya saa za mwanzo za kazi.

Beringi za ngoma hutaka grisi kidogo mara kwa mara, pampu 1 au 2 kila baada ya saa 10 za kazi kwa mashine nyingi. Kuijaza mpaka imwagike hutoboa sili, vumbi likaingia. Oili ya injini kwa kawaida ni 15W-40, hubadilishwa kila saa 250 za kazi. Kwenye vumbi la kiangazi usingoje zifike.

Hatua ya 6: Unachokilisha

Upande mnene wa tawi huingia kwanza, nawe usimame pembeni ya mdomo, si mbele yake. Vipande vifupi visukume kwa tawi refu. Glavu zisiwe na mikono mipana ya kunaswa na vijiti.

Mizizi yenye udongo huua visu vipya ndani ya dakika chache. Ikate, iweke kando. Miti ya barabarani ikague kwanza, kwa kuwa mwembe au mwarobaini ulio karibu na kituo cha daladala huwa na misumari ya mabango ya miaka mingi iliyofunikwa na gome. Makuti ya mnazi na magome ya mkaratusi hujizungusha kwenye rola, basi yachanganye na matawi ya kawaida. Mnyaa usiuingize kabisa: maziwa yake hurushwa hewani na kuunguza macho.

Bomba likiziba, mara nyingi resi ilikuwa ndogo au majani yalikuwa mabichi mno. Usitie mkono. Zima, rudi kwenye utaratibu wa hatua ya 2, kisha zibua.

Hatua ya 7: Gari

Chenga mbichi zina uzito wa kati ya kilo 250 na 450 kwa mita moja ya ujazo, kutegemea mti na maji yake. Bodi ya mita 6 za ujazo, basi, inaweza kubeba zaidi ya tani 2 na nusu kabla hujahesabu watu, misumeno na kamba. Ndiyo maana Canter iliyoongezewa kingo za mbao huvunja springi.

Kabla ya kuondoka, hakikisha mpira wa tela (kile kichwa cha chuma cha duara cha kuunganishia) umeshika, minyororo ya usalama imepishana chini ya kiungo, taa na indiketa zinawaka, na bomba limegeuzwa na kufungwa. Ukiwa umefungua gurudumu, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hivi. Mkisimama njiani, gusa kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko kingine, beringi imekauka au breki inashika.

Wakati wa kumwaga, tazama nyaya za umeme juu, na usipite chini ya bodi iliyoinuliwa bila nguzo ya kuizuia.

Hatua ya 8: Jioni

Acha injini kwenye resi ndogo dakika 3 hadi 5 ili tabo ipoe, ndipo uzime. Mashine ikishapoa, toa majani yote ndani ya mdomo na chini ya ngoma, kwani yakilala mabichi hula chuma. Pwani, funga ngoma kwa pini na upake visu oili nyembamba kabla ya kufunika turubai. Hewa ya chumvi huweka kutu kwenye ukingo ulionolewa kabla hata ya asubuhi.