Jinsi ya kumsaidia shahidi aeleweke polisi na mahakamani

Mtoto wa miaka mitano, mtu mwenye ulemavu wa akili, mwenye usonji, kiziwi, aliyepotewa na maneno kwa kiharusi: mara nyingi hawa wanakumbuka vizuri walichokiona. Kinachowakwamisha ni swali. Kazi ya msaidizi wa mawasiliano ni kuhakikisha swali linamfikia shahidi na jibu linafika kama lilivyotoka. Hamsemei, hamfundishi la kusema, wala hatoi maoni kama anasema kweli.

Ukiwa msaidizi, anza kabla ya mahojiano ya kwanza ya polisi. Onana na shahidi kwa tathmini ya nusu saa hadi saa moja, mpelelezi akiwapo, na msiguse kabisa habari za tukio. Mkizigusa, utetezi utauliza nani alimtia maneno mdomoni, tena utakuwa na haki ya kuuliza. Beba kikombe, kalamu, karatasi na picha tatu au nne zinazosimulia kisa kifupi. Mpe agizo lenye jambo moja, kisha mawili, kisha matatu ("weka kalamu nyuma ya kikombe, halafu nipe karatasi"), uone anapotelea wapi. Jaribu pia nani, wapi, lini na kwa nini. Watoto wadogo wengi hujibu "wapi" bila shida huku "lini" ikiwashinda. Mwisho muulize jambo asiloweza kulijua, kama vile ulichokula wewe jana usiku. Akibuni jibu badala ya kusema "sijui", hapo umepata taarifa nzito kuliko zote: huyu atamkubalia wakili chochote.

Hesabu dakika anazotulia kabla hajaanza kuchezea nguo au kutazama mlango. Hizo ndizo urefu wa kila kipindi cha maswali, kisha mapumziko.

Ripoti yako ya tathmini iwe fupi, kurasa mbili hivi, na kila pendekezo liwe na mfano wa swali linalofaa na lisilofaa. "Tumia lugha rahisi" haimsaidii hakimu chochote.

Kiswahili nacho kina mitego yake. "Alimpiga" haisemi nani alimpiga nani, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Taja majina kila mara. Katika "Asha alipigwa na Juma", neno "na" ni lile lile la "Asha alikuja na Juma", hivyo mtoto anaweza kuelewa kwamba wote wawili walipigwa. Uliza "Nani alimpiga Asha?" Mkono huanzia begani hadi vidoleni, kwa hiyo aoneshe kwenye mchoro. Saa mbili asubuhi kwenye simu ni 8:00. "Baba" anaweza kuwa baba mdogo. Shahidi akisema "alinifanyia tabia mbaya", usimpe neno lingine, muulize, "Alifanya nini alipofanya tabia mbaya?"

Mtego mbaya kuliko yote ni swali kanushi. "Hukumwona, sivyo?" Shahidi akijibu "ndiyo", anakubali kwamba hakumwona, au anasema alimwona? Watu wawili chumbani wataandika majibu mawili. Swali ni "Ulimwona?" basi.

Mwenye usonji anaweza kulichukua neno lilivyo. "Unaweza kuniambia jina lake?" Atajibu "ndiyo", anyamaze. Hana ujeuri, amejibu alichoulizwa.

Kabla ya ushahidi, omba kikao na hakimu na mawakili wa pande zote mbili. Msingi wa ombi upo katika baadhi ya nchi: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(7), inairuhusu mahakama kukubali msaidizi wa namna hii kwa mlalamikaji au mshtakiwa, na Uingereza ina sheria yake ya 1999. Kubalianeni aina za maswali, urefu wa vipindi, mahali shahidi atakapokaa (nyuma ya pazia au kwa video), na lini msaidizi anaruhusiwa kuingilia. Maswali ya dodoso, yaani yale ya wakili wa upande wa pili, yakiweza kupitiwa mapema kwa maandishi, mengi hurekebishika hapo hapo.

Wakati wa ushahidi, kaa unapouona uso wa shahidi na hakimu anakuona wewe. Inua mkono, sema na hakimu: "Mheshimiwa, swali hilo lina sehemu tatu." Usimnong'oneze shahidi hata neno moja. Baada ya swali, hesabu kumi kimoyomoyo. Wakili akilirudia haraka, mtoto hudhani jibu lake la kwanza lilikosewa, akalibadilisha.

Shahidi akijibu kwa kugusa picha ubaoni, ubao huo lazima uwe na "sijui", "sijaelewa" na "jibu langu halipo hapa". Usipokuwa nazo, kila kidole kitagusa picha uliyochagua wewe, na hilo ni swali la kuongoza lililovaa michoro.

Kwa kiziwi anayetumia ishara za nyumbani tu, yaani zile za familia yake na si lugha ya alama, mkalimani mmoja hatoshi. Tafuta pia mkalimani ambaye mwenyewe ni kiziwi, afanye kazi pamoja na yule anayesikia. Mama au dada asitafsiri, hata kama ndiye anayemwelewa zaidi: huenda naye ni shahidi, na mapenzi humfanya akamilishe sentensi ambazo shahidi hakuzimaliza. Mtumie siku ya tathmini, akuoneshe ishara ya "hapana" ikoje na ile ya "nimechoka".