Ukipotea nyikani Dodoma na Manyoni

Ukigundua hujui ulipo, keti. Aliyepotea huharakisha, jasho linamtoka, na kila hatua inamtoa mahali ambapo wangeanza kumtafuta. Kwenye jua la Oktoba na Novemba mtu anayetembea anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa. Funga kitambaa juu ya mti ulipogundua umepotea, kisha pumzika kivulini hadi saa kumi jioni. Piga kwanza kivuli hicho kwa fimbo, maana moma na nge nao hukikimbilia. Kama gari limeharibika, baki nalo: linaonekana mbali kuliko wewe, na kioo chake kinamulika.

GPS ya simu hufanya kazi bila mtandao. Fungua ramani, nakili namba mbili za mahali ulipo, panda jabali la karibu, uzitume kwa SMS, kwani ujumbe hupenya hata pale sauti inapokatika. Dodoma mjini ni takriban -6.17, 35.74. Usisahau ile alama ya kutoa mwanzoni. Ukiiacha, namba zinaonyesha Ethiopia. Kisha zima simu, uwashe dakika chache kila saa.

Kama hakuna anayejua ulikoelekea, itabidi utembee, na hapo ujue pande. Usiliamini jua la mchana. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, saa sita mchana jua la Dodoma liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Simika kijiti chenye urefu wa mita moja mahali tambarare. Weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jiwe la kwanza ndilo magharibi, la pili mashariki. Kosa la kawaida ni kutosubiri: baada ya dakika tano mawe yanakaribiana mno na mstari unapinda.

Chagua kitu kirefu usichoweza kukivuka bila kukiona. Reli ya kati inapita Dodoma, Bahi, Manyoni hadi Itigi. Aliye kusini yake ashike kaskazini. Ndani ya vichaka vya Itigi huoni mbele, kwa hiyo lenga mti mmoja, ufikie, ndipo ulenge mwingine ulio kwenye mstari uleule. Tembea alfajiri na jioni tu.

Maji uliyo nayo yanywe unapohisi kiu. Watu wamezidiwa na joto huku chupa ina maji, kwa kuyabania. Ukikosa, tafuta korongo lenye mchanga. Chimba kwenye kona, upande wa nje, chini ya ukingo wenye miti mibichi. Mchanga ukiwa bado mkavu baada ya kuchimba kina cha mkono mzima, hamia kona nyingine. Ukikuta unyevu, panua shimo, usubiri maji yajikusanye, teka ya kwanza uyamwage. Yachuje kwa kanga na kuyachemsha hadi yatokote. Utomvu mweupe wa mnyaa usiuguse kabisa. Unachoma kinywa na unaweza kupofusha macho. Ubuyu unaliwa, lakini ule kidogo kama huna maji, kwa sababu unakausha kinywa.

Mapito ya ng'ombe ni msaada mkubwa kuliko yote. Yanapoungana na kuwa njia pana, mara nyingi unaelekea lambo au zizi. Kinyesi kibichi kinamaanisha kundi limepita leo. Jioni tulia usikilize kengele, kwani ndipo mifugo inarudi.

Usiku washa moto mahali palipofyekwa, maana majani makavu hushika upesi. Mchana tupia majani mabichi upate moshi.

Ukifika boma gizani, simama mbali na ua wa miiba, piga hodi kwa sauti na ungoje, mbwa wanatangulia. Kunywa maji kidogo kidogo, kisha waombe wenyeji wapige 112 ili wanaokutafuta wasiendelee kuingia porini.