Masalia ya watakatifu: soma lakiri kabla ya kutafuta maabara

Kikasha cha shaba kinachoenea kiganjani, kioo mbele, ndani chembe ya mfupa isiyozidi punje ya mtama, na karatasi ya Kilatini pembeni, yaani hati ya kuthibitisha kilichomo. Mara nyingi masalia humfikia mtu hivyo, kwa urithi, kwa zawadi au kwa muuzaji wa mtandaoni. Na huyo muuzaji tummalize mapema: kanuni ya 1190 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inakataza kabisa kuuza masalia, kwa hiyo bei yenyewe ni dosari ya kwanza. Akikwambia anauza kikasha tu na mfupa anautoa bure, mwache na kikasha chake.

Usikifungue. Kigeuze. Kikasha cha kawaida hufungwa kwa nyuma na nyuzi za hariri, aghalabu nyekundu, zinazopishana. Juu yake hudondoshwa lakiri nyekundu, yaani nta ya kuzibia, na kugongwa muhuri wa askofu au wa shirika la kitawa. Chukua kioo cha kukuzia mara 10 na tochi, kisha ilaze tochi ubavuni mwa kikasha, maana mwanga wa pembeni ndio unaoinua michoro ya muhuri. Tafuta uzi uliokatwa na kuunganishwa, au lakiri yenye rangi mbili, dalili kwamba imeyeyushwa upya. Uzi ukishakatika, hati haikidhamini tena kilichomo, hata iwe nzuri namna gani. Ila tahadhari na joto letu: kikasha kilichosahauliwa garini mchana kutwa hapa Darajani, Unguja, kinaweza kulainika lakiri na kupoteza alama bila ya mtu kughushi chochote. Hapo ushahidi umepotea, lakini hujapata mwizi.

Sasa hati. Ilinganishe na kikasha neno kwa neno: umbo, madini, rangi ya nyuzi, muhuri, jina la mtakatifu. Kwenye kijikaratasi cha ndani, «ex ossibus» ni kutoka mifupani, «ex indumentis» ni kutoka nguoni. Herufi baada ya jina nazo zina maana: M. ni shahidi, yaani aliyeuawa kwa imani, V. bikira, C. muungama, yaani aliyeishuhudia imani bila kuuawa, Ep. askofu. Halafu tazama tarehe, kwani waghushi wengi huteleza hapo. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo mwaka 1886, akatangazwa mwenyeheri 1920 na mtakatifu 1964. Hati ya mwaka 1935 inayomwita «S.» (mtakatifu) badala ya «B.» (mwenyeheri) imeandikwa na mtu aliyejua yajayo.

Hati ikinyooka, bado umethibitisha kiungo kimoja tu cha mnyororo: kwamba askofu fulani alikata kipande hiki kutoka kipande kikubwa. Hicho kikubwa kilitoka wapi? Baada ya makaburi ya chini ya ardhi ya Roma kugunduliwa upya mwaka 1578, mifupa mingi isiyojulikana ilipewa majina na kupelekwa makanisa ya kaskazini. Usikimbilie pia kuhesabu vichwa. Jirani yako Mwislamu atakwambia kichwa cha Nabii Yahya, yaani Yohana Mbatizaji, kiko Msikiti wa Umawiyya, Damascus. Roma nao wanacho, na Amiens, Ufaransa, wanacho. Uliza kwanza kila mahali wanadai sehemu gani, kwa sababu Amiens huonyesha mifupa ya uso, si fuvu zima.

Maabara ije mwisho, na iende na swali moja. Kaboni-14 hukadiria umri, haitaji jina. Paja lililodaiwa kuwa la Mtume Yakobo katika kanisa la Santi Apostoli, Roma, lilipimwa likaangukia kati ya mwaka 214 na 340. Dai likafa hapo hapo. Lingeangukia karne ya kwanza, bado lingekuwa paja la mtu yeyote wa karne hiyo. Waeleze pia wapimaji kama mfupa uligusa nta, gundi au dawa ya kuhifadhia. Na jambo ambalo mla samaki wa visiwani atalielewa upesi: kaboni ya baharini ni kongwe, hivyo mfupa wa aliyeishi kwa samaki huonekana mzee kuliko ulivyo, hata kwa karne kadhaa. Omba wapime na isotopu za chakula, zinazoonyesha mtu alikula nini.

Pua nayo ni kipimo. Masalia yaliyodaiwa kuwa ya Jeanne d'Arc, mtakatifu wa Ufaransa aliyechomwa moto, yalinuswa na wataalamu wa manukato, nao wakapata harufu ya vanila, ambayo hutokana na mwili kuoza, si kuungua. Vipimo vingine vilionyesha mumia wa Misri, yaani maiti iliyokaushwa, na mfupa wa paka. Hayo yalitangazwa mwaka 2007.

Walio hapa Unguja wanao mfano wa kujifunzia Mkunazini: msalaba wa Kanisa Kuu la Anglikana, unaosemwa umetokana na mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone kule Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Livingstone si mtakatifu, lakini dai ni la aina ile ile. Usipoteze pesa kwa kaboni: kwa vitu vya kati ya 1650 na 1950 hivi, majibu yake hutawanyika mno. Maswali yafaayo ni mawili. Je, mbao ni ya mupundu, kama Wazambia wanavyouita mti huo? Mtaalamu wa mbao hujibu kwa darubini na kibanzi chembamba cha mbao, kwa idhini ya kanisa. Na mti ule ulikatwa 1899. Nani alichukua kipande, lini, akamkabidhi nani? Mwili wenyewe wa Livingstone ulitambuliwa London kwa mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba. Alama ya namna hiyo, iliyoandikwa kabla ya kifo, ndiyo ya kutafuta kwenye masalia yoyote.

Ukimaliza andika «haikubaliki» au «haijakanushwa». Neno «halisi» liache. Kikasha kisicho na hati mkabidhi Baba Paroko, naye asikiweke altareni kwa heshima ya hadhara. Chenye hati kitunze pakavu, hasa masika, pamoja na kifuko cha silika cha kunyonya unyevu, na nakala ya picha za lakiri weka mahali pengine.