Somo: Jiko la kuni na feni ya kutolea moshi katika nyumba moja

Je, jiko la kuni la kupashia nyumba joto na feni ya jikoni ya kutolea moshi nje vinaweza kutumika pamoja? Swali hili hurudi kila baridi inapoanza, hasa kwa wenzangu tunaoishi Ujerumani, nami nimechoka kulijibu vipande vipande. Feni ya jikoni huvuta mamia ya mita za ujazo za hewa kwa saa, na nyumba za siku hizi zimezibwa kila upenyo. Hewa ya nje ikikosa pa kuingilia hushuka kupitia dohani, ikarudisha ndani moshi wa jiko pamoja na kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi.

Hatua ya 1. Mwite mfagia dohani wa eneo lenu, yaani fundi anayesafisha na kukagua dohani, kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 2. Ukiweza, chagua feni inayochuja hewa kwa mkaa na kuirudisha jikoni, kwa kuwa hiyo haigombanii hewa na jiko.

Hatua ya 3. Ukitaka inayotoa hewa nje, fundi umeme afunge swichi ya dirisha, ambayo huinyima feni umeme mpaka dirisha lifunguliwe. Hapa ndipo nilipokosea. Jioni moja ya Januari nilifungua dirisha, feni ikawaka, nikaanza kukaanga samaki, nikiwa nimesahau kwamba kifuniko cha nje cha dirisha nilikwisha kukishusha ili kuzuia baridi. Swichi ilitambua dirisha wazi, lakini hewa haikuwa na njia. Nilipogeuka, ndimi za moto zilikuwa zimelalia mlango wa jiko na moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye tundu la hewa la chini. Kisha king'ora kikalia, nikazima feni na kuwatoa watoto nje na nguo zao za kulalia. Kwa hiyo dirisha lenye swichi lisiwe na kifuniko cha nje, mlango kati ya jikoni na sebule uwe na upenyo wa kutosha, na mtu yeyote asiiruke swichi kwa kuunganisha nyaya.

Hatua ya 4. Weka king'ora cha kaboni monoksidi katika chumba chenye jiko.

Swali: Feni yangu ni ndogo, je, swichi ni lazima?
Jibu: Soma tena hatua ya 1. Mgandamizo wa hewa chumbani hauruhusiwi kushuka zaidi ya paskali 4 chini ya ule wa nje, na kiwango hicho hata feni ndogo hukipita kwa urahisi.

Swali: Moto ukibaki makaa tu, naweza kufunga dirisha na kuwasha feni?
Jibu: Hapana, na nashukuru umeuliza. Makaa hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, ilhali dohani imeanza kupoa na nguvu yake ya kuvuta imepungua, hivyo feni huishinda kwa urahisi zaidi kuliko wakati moto unapowaka sana.

Swali: Na feni ya bafuni?
Jibu: Nayo huhesabiwa, pamoja na mashine ya kukaushia nguo inayotoa hewa nje. Mwonyeshe mfagia dohani mashine hizo zote.

Swali: Kuna namna ya kujipimia?
Jibu: Jiko likiwa limepoa, funga madirisha, washa feni, kisha shika kijiti cha udi kinachofuka karibu na mlango wa jiko ulioachwa wazi kidogo. Moshi wake ukisukumwa kuelekea chumbani, usiwashe moto. Ukivutwa ndani ya jiko, bado umngoje mfagia dohani na kipimo chake.

Swali: Nimefunga swichi, lakini moshi bado unarudi.
Jibu: Kuni zako zimekauka kiasi gani?