Jinsi ya Kuishi Wiki za Kazi Ugenini Ukiwa na Miguu Iliyotoka Marathoni

Ratiba ya mbio hupangwa na waandaaji, ratiba ya safari ya kikazi hupangwa na ofisi, na pande hizo mbili haziulizani kamwe. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza kilomita 42.195 siku ya Jumapili na Jumanne akawa angani, akielekea kwenye kituo cha kazi cha wiki sita au nane katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Aliyekimbia kilomita 10 hatauhitaji sana, na aliyekimbia nusu marathoni atachukua yanayomfaa.

Anza na hesabu ya siku. Maumivu ya misuli baada ya mbio ndefu hayafiki kileleni siku ya mbio yenyewe, bali kati ya saa 24 na 72 baadaye. Hilo ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu Jumapili jioni mtu bado anatembea, anapokea pongezi na anadhani amevuka salama, kisha Jumanne asubuhi hawezi kuketi chooni bila kushika ukuta. Ikiwa una sauti katika upangaji wa tiketi, omba uondoke siku ya nne au ya tano baada ya mbio. Ikiwa huna, omba mambo madogo ambayo mwajiri hana sababu ya kukunyima: kiti kilicho kando ya njia ndani ya ndege, chumba kilicho karibu na lifti, na siku ya kwanza ya kazi iwe ya vikao vya kuketi badala ya ziara ya ukaguzi.

Hilo la ziara nalisema kwa uchungu. Niliwahi kufika ugenini siku mbili baada ya marathoni bila kumwambia mtu, na wenyeji wangu, kwa ukarimu wao, wakanipeleka moja kwa moja kuona jengo la ghorofa nne lenye ngazi za chuma. Kupanda nilipanda. Kushuka ndiko kulikonifedhehesha, maana misuli ya mbele ya paja ndiyo inayobeba mzigo wa kushuka, na ndiyo iliyoumizwa zaidi barabarani. Nilishuka kiubavu, kidato kimoja kimoja, mikono yote miwili juu ya reli, kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani. Mwenyeji mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini ninaumwa nini. Tangu hapo humwarifu mtu mmoja kazini kabla sijafika, kwa sentensi moja tu, naye huwaambia wengine.

Safari ya ndege ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa kuliko yote. Mwili uliotoka mbioni huenda bado umepungukiwa na maji, misuli yake imejeruhiwa, na sasa unafungwa kitini kwa saa nane au kumi katika hewa kavu ambayo kwa kawaida unyevu wake haufikii asilimia 20. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi ya kukaa bila kujongea. Kwa msafiri mmoja mmoja hatari hiyo bado ni ndogo, karibu mtu 1 kati ya 6,000, lakini kinga yake ni nyepesi kiasi kwamba hakuna sababu ya kuiacha. Simama utembee mara kwa mara unapokuwa macho, chezesha vifundo vya miguu ukiwa umeketi, vaa soksi za kubana zinazofika chini ya goti na zinazokutosha sawasawa, na usichanganye dawa ya usingizi na pombe, kwani mchanganyiko huo ni hatari wenyewe na tena humlaza mtu saa sita katika mkao mmoja. Maji kunywa kwa kufuata kiu. Kujilazimisha lita baada ya lita ni kosa la upande wa pili, kwa kuwa maji yaliyozidi hushusha sodiamu katika damu. Miongoni mwa wakimbiaji 488 waliopimwa damu kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 walikutwa na upungufu huo.

Ugumu wa mkimbiaji ni kwamba vigimbi vyake vinauma hata hivyo, kwa hiyo dalili ya damu iliyoganda hujificha nyuma ya maumivu anayoyatarajia. Tofautisha hivi: maumivu ya mbio kwa kawaida huwa ya miguu yote miwili na hupungua siku hadi siku, ya damu kuganda mara nyingi huwa ya mguu mmoja, unaovimba, unaopata joto na unaozidi kuuma. Uangalizi huu uendelee kwa wiki kadhaa baada ya kutua. Ukipungukiwa na pumzi ghafla au kuumwa na kifua, usisubiri kikao kiishe.

Viatu ulivyovizoea viwe miguuni au kwenye mkoba wa mkononi, wala visiwekwe kwenye sanduku linaloweza kupotea, kwa maana mguu wenye malengelenge na kucha nyeusi haukubali kiatu kipya cha ofisini. Medali, kama ni lazima uende nayo, itoe mapema uiweke kwenye trei ya ukaguzi, usije ukalazimika kuieleza mbele ya foleni nzima.

Kuhusu dawa, ibuprofeni na diklofenaki huzielemea figo ambazo mbio zimekwisha kuzichosha, hivyo ni busara kukaa mbali nazo mpaka uwe umekula, umekunywa na mkojo umerudi katika rangi yake. Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ni chaguo la tahadhari zaidi kwa mtu asiye na ugonjwa wa ini. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, pamoja na misuli kuuma au kulegea kupita kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba dawa ya kawaida nchini kwako inaweza kuwa kosa la jinai uendako. Japani, kwa mfano, haipokei dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya sudoefedrini, na Falme za Kiarabu zinadhibiti dawa zenye kodeini. Soma orodha ya nchi husika kabla hujafunga mzigo, na ubebe dawa katika pakiti zake za asili.

Kuna jambo moja ambalo wachache huonywa. Nchi na waajiri wengi hudai uchunguzi wa afya katika siku za mwanzo, na damu ya mtu aliyetoka marathoni humsingizia. Kimeng'enya cha misuli kiitwacho kretini kinasi hupanda sana, vimeng'enya ambavyo huhesabiwa kuwa vya ini navyo hupanda kwa sababu vimo pia kwenye misuli, troponini, protini inayopimwa kuchunguza majeraha ya moyo, inaweza kuongezeka kwa siku chache, na chembe za damu huweza kuonekana kwenye mkojo. Daktari asiyejua habari ya mbio ataandika mambo ya kutisha kwenye fomu yako. Ikiwezekana, omba kipimo kisogezwe kwa wiki moja au mbili. Isipowezekana, taja tarehe na umbali wa mbio kabla sindano haijaingia.

Usingizi nao utakuwa na madai mawili kwa wakati mmoja, la misuli na la saa ya mwili, ambayo kwa makadirio ya kawaida husogea takriban saa moja kwa siku, na huwa nzito zaidi kwa anayesafiri kuelekea mashariki. Kama tofauti ya saa haizidi sita hivi, aliyekwenda mashariki atafute mwanga wa asubuhi, na aliyekwenda magharibi atafute wa jioni. Ukiamka saa tisa usiku mapaja yakiwaka moto, usiwashe kompyuta; tembea chumbani dakika kumi, kisha urudi kulala. Pokea mikono ya wenyeji, lakini nawa yako mara nyingi: uchunguzi wa wakimbiaji wa Los Angeles Marathon ya mwaka 1987 ulikuta kwamba asilimia 12.9 ya waliokimbia waliugua katika wiki iliyofuata, dhidi ya asilimia 2.2 ya waliofanya mazoezi kama yao lakini hawakukimbia.

Nguo za mbio zilizofungiwa kwenye mfuko zikiwa mbichi zitanuka chumba kizima, na dobi wa hoteli huenda akazichemsha mpaka zishindwe kunyumbuka. Zifue mwenyewe kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainishia, kwani huziba vitundu vya kitambaa. Usizinyonge. Tandaza taulo kavu kitandani, laza fulana juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha kandamiza kwa magoti, ambayo kwa siku hizo ni zoezi tosha. Maji huhamia kwenye taulo, na fulana ikianikwa usiku huwa kavu asubuhi.

Wiki ya kwanza usikimbie hata kidogo. Tembea dakika 20 hadi 30 kwenye ardhi tambarare. Jack Foster wa New Zealand, aliyekimbia marathoni kwa saa 2:11:19 akiwa na miaka 41 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974 huko Christchurch, anatajwa kuwa mwenye kanuni ya siku moja ya nafuu kwa kila maili ya mbio, yaani siku 26 bila mazoezi makali, na sijaona sababu ya kubishana naye, hasa kwa mtu ambaye mchana anafanya kazi ngeni kwa lugha ngeni. Siku utakayoanza, beba kadi yenye anwani ya hoteli kwa maandishi ya wenyeji, na utazame magari pande zote mbili, kwa sababu shingo hugeuka kwa mazoea ya barabara za nyumbani, na kosa la nusu sekunde linatosha kwa mtu ambaye miguu yake bado haiwezi kuruka pembeni.

Usishangae ukiingiwa na unyong'onyevu kati ya siku ya tano na ya kumi. Miezi ya maandalizi imekwisha, waliokupigia makofi wako mbali, na chumba kina kitanda, meza na dirisha lisilofunguka. Ni wakati huo, saa nne usiku, ndipo simu huanza kukuonyesha mbio nyingine. Funga ukurasa huo, uandike kwenye daftari jinsi kilomita kumi za mwisho zilivyokwenda ungali unazikumbuka. Wiki tatu zikipita na bado unaitaka mbio ile, na ngazi za ofisini unazishuka bila kushika reli, jisajili.